Kipimajoto Hakishuki Chenyewe

Litembo, alasiri, siku moja kabla hamjaondoka

Mwanangu Otmari,

Usicheke mwandiko. Mkono huu umeshika jembe miaka mingi kuliko kalamu, na leo unatetemeka kwa hasira ambayo bado sijajua ni ya kwako au ya kwangu. Wewe na mkeo mmeteremka kwa bibi yako kumuaga. Mama yako yuko jikoni, anachambua maharage mtakayobeba. Nami nimejifungia chumbani kama mwanafunzi anayeogopa mtihani, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la darasa la saba. Nikimaliza nitaziweka juu ya sanduku la kutotolea vifaranga, maana najua hutakubali mtu mwingine alifunge kamba. Zisome palepale, umesimama, kabla ya fundo la kwanza.

Sikuandikii habari za kugeuza mayai, wala bakuli la maji, wala matundu ya hewa. Hayo unayajua, na mengine unayajua kunizidi. Lipingo mnakokwenda kuishi kuna joto, utambi utaushusha, siku mbili tatu za kwanza utalisoma hilo joto mwenyewe. Ukikosea hapo utapoteza mayai tu, na kuku watataga mengine. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili ulitoka misa ya kwanza ukakuta taa imezimika ndani ya sanduku. Ulidhani mimi bado niko kanisani. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi. Nikaona ulivyomkamata Skola ukosi wa gauni na kumbamiza ukutani mpaka udongo ukadondoka.

"Umefungua sanduku! Nani amekutuma ufungue sanduku?"

"Sijafungua. Utambi umekwisha."

Ukainua mkono, kiganja wazi. Ndipo ukaniona. Ukaushusha, ukajifanya unajikuna kichwa. "Shikamoo baba," ukasema, kwa sauti laini kama mtu anayetoka kuungama. Nikaitika marahaba, nikanywa chai yangu. Nilikunywa chai yangu, Otmari! Nilipaswa kukurukia palepale. Lakini ningekurukia na maneno gani? Uliyoyasema ni maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na uliyasema bila kuwahi kuyasikia kwangu.

Tangu ulipoanza kutembea umejua kwamba ukitaka kumwambia mama yako jambo unakaa kulia kwake. Kushoto hasikii. Na ukiuliza kwa nini, nyumba hii ina jibu moja: kwinini. Aliumwa malaria kali, akameza kwinini nyingi, sikio likaziba. Shangazi zako wanasema hivyo, majirani wanasema hivyo, nawe nilikusikia ukimweleza Skola hivyo mlipokuwa wachumba. Ni uongo. Haikuwa kwinini. Ni mkono wangu wa kulia, huu unaoandika.

Sasa vuta kigoda ukae.

Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka ya Mbinga yalikuwa yameanza tena kuwa na sabuni na mafuta ya taa, na kila mtu alisema mambo yamefunguka. Kwangu yalikuwa yamefungwa, na aliyeyafunga ni mimi. Mwanzoni mwa msimu nilipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika ikiwa haijakauka. Karani akatia mkono kwenye gunia, akasema mbele ya watu, "Bwana Severini, hii bado ina maji. Rudi ukaianike." Alisema kweli. Nilijua ina maji, niliileta hivyo kwa sababu ya haraka zangu. Nikampiga kichwa cha pua. Akaangukia mizani, nikampanda kifuani, nikampiga ngumi mpaka wanaume wanne waliponing'oa juu yake. Meno yake mawili yalibaki sakafuni. Nilipanda mlima kurudi nyumbani na damu yake kwenye shati, na nakuambia leo bila kuficha, nilikuwa natembea kwa raha. Mama yako alilifua lile shati bila kuuliza kitu.

Kahawa yangu haikupokelewa msimu ule wote. Basi nikaapa nitawaonyesha. Mbinga mjini walikuwa wamefungua nyumba za wageni na vibanda vya chakula, kuku walikuwa wanatafutwa, na mimi nilikuwa nimeona mahali fulani sanduku la kutotolea linalotumia taa ya chemli. Nikang'oa mbao za mlango wa stoo. Nikapiga sanduku, nikaweka bati juu ya taa, nikapasua matundu, nikapanga mayai arobaini ambayo mama yako aliyakusanya kwa kuku wake na kwa majirani. Kila jirani nikamwahidi vifaranga. Kilichobaki kilikuwa kipimajoto, na hicho nilikipata kwa marehemu shangazi yako Ottilia, aliyekuwa muuguzi. Kilikuwa kile cha kuwekea wagonjwa kwapani. Alinipa mlangoni akiwa anawahi kazini. Hakunieleza namna ya kukitumia kwa sababu hakufikiri kuna mtu mzima asiyejua, nami sikumuuliza kwa sababu nilikuwa Severini.

Siku ya kwanza jua lilipiga bati la nyumba, nikaukuza utambi, kikapanda mpaka thelathini na nane. Nikafurahi kama nimeshinda kesi. Kesho yake asubuhi, thelathini na nane. Jioni, thelathini na nane. Ulikuwa mwezi wa saba, na wewe unaujua mwezi wa saba wa huku kwetu, asubuhi kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia, unakuta majani meupe kwa baridi na vidole havikunjiki kushika jembe. Ndani ya sanduku langu, thelathini na nane! Niliwaita majirani waje waone joto lisiloyumba. Sikushangaa hata kidogo kwamba taa ya chemli inaweza kushindana na baridi ya Litembo wiki tatu bila kupoteza hata alama moja. Mtu mwenye majivuno hashangai, na mimi nilikuwa nayo ya kugawia kijiji.

Mama yako hakukiangalia kile kipimajoto. Kila asubuhi alichukua yai moja, akafumba jicho, akaliweka juu ya kope. Ndivyo bibi yako wa Kingerikiti alivyokuwa akipima mayai ya kuku anayeatamia.

"Baba Otmari, yai hili linapoa."

"Kope lako limesomea wapi?"

"Halijasoma. Lakini linapoa."

Nikacheka. Jioni nikawasimulia wanaume kilabuni habari za mke wangu mwenye themometa ya kope, nao wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Siku ya tatu walikuwa wanampita njiani wamefumba jicho moja. Alipita katikati yao na ndoo ya maji kichwani, na hakunifokea. Hakurudia tena kuniambia yai limepoa, ila aliendelea kuyapima.

Ikafika siku ya ishirini na moja. Nilikuwa nimevaa shati safi, usinicheke. Hakuna kilichotoka. Ya ishirini na mbili, kimya. Majirani wakaanza kupita kuuliza, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeuliza nilimwona ana uso wa yule karani. Asubuhi ya ishirini na tatu nikaingia nikamkuta mama yako amepiga magoti mbele ya sanduku, mlango uko wazi, ameshika yai kwenye sikio la kushoto, amefumba macho.

"Umefungua sanduku! Nani amekutuma ufungue sanduku?"

Hakuogopa. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anatabasamu. "Yalipoa, ndiyo maana yamechelewa," akasema. "Hata kuku akiondokaondoka kwenye kiota, vifaranga vyake huchelewa. Yaache siku mbili. Kuna kitu kinagonga humu ndani. Sikiliza mwenyewe."

Akanyoosha mkono kunipa yai, nami nikampiga kofi la sikio kwa nguvu zangu zote.

Usiniombe nikueleze zaidi ya hapo kwa maneno mazuri. Ulitoka mlio kama wa kupasua gogo bichi. Alianguka ubavu, kichwa kikagonga pembe ya sanduku, na damu ikatoka sikioni, kidogo tu, uzi mwembamba mpaka shingoni. Yai lilianguka pale sakafuni likapasuka. Ndani yake kulikuwa na kifaranga, manyoya yamelowa, na kilikuwa kinatikisa shingo.

Nilikiona, Otmari. Miaka yote nimejidanganya kwamba sikukiona vizuri. Nilikiona kinatikisika, nikajua saa ileile kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga, na hilo badala ya kunizuia lilinipandisha zaidi. Nikalibeba sanduku zima mpaka uani. Nikayatoa mayai moja moja na kuyapigiza kwenye jiwe la kufulia. Mengine yalikuwa viza, yalilipuka na kunuka mpaka mbwa akakimbia. Mengine yalikuwa na vifaranga vilivyokufa zamani. Na mengine yalikuwa na vifaranga hai. Nilivisikia. Kila nilipokisikia kimoja nilirusha lifuatalo kwa nguvu zaidi, ili pasibaki shahidi. Nilipomaliza lile jiwe lilikuwa jekundu na njano, mikono yangu imejaa manyoya mabichi, na mama yako amesimama mlangoni, amejishikilia kwenye mwimo na kiganja kwenye sikio. Hakulia. Alinitazama tu, kisha akaenda kuchota maji. Siku ile wewe ulikuwa kwa bibi yako, na namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa mvua zote alizonipa.

Kesho yake alfajiri nilitoka uani. Sanduku lilikuwa limelala ubavu pale nilipolitupa, taa imezimika tangu jana, baridi imetanda kila mahali. Kipimajoto kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Nikakisoma. Thelathini na nane.

Nikakifuta na shati nikasoma tena. Thelathini na nane, nje, kwenye baridi ile inayouma masikio. Nikakaa chini palepale kwenye maganda ya mayai.

Siku ya pili yake shangazi yako Ottilia alikuja kumtazama mama yako. Nikamwonyesha kile kipimajoto, nikamwambia kimeharibika.

"Hukitikisi?"

"Kukitikisa kivipi?"

Akakishika, akakung'uta mkono mara tatu, zebaki ikashuka yote. "Hiki hupanda tu, Severini. Hakishuki chenyewe. Kinabaki pale juu kabisa kilipowahi kufika mpaka ukitikise." Halafu akatazama sikio la mama yako, akanitazama mimi, akatazama jiwe la kufulia. Aliondoka bila kunywa hata maji, na mwaka mzima hakukanyaga hapa.

Nimelifikiria lile neno lake miaka kumi na sita. Hasira yangu ilipanda kwa yule karani kwenye mizani. Mpaka inamfikia mama yako ilikuwa bado ipo palepale ilipopandia, wala hapakuwa na mtu wa kuitikisa. Yeye hakuwa amenikosea kitu. Alikuta tu nimeshasomeka thelathini na nane.

Kisha akaja mjomba wako Gervasi kutoka Kingerikiti. Habari zilikuwa zimeshamfikia nusunusu. Alikuja na panga kiunoni, na si panga la kufyekea, lilikuwa limenolewa pande zote mbili. Hakunisalimu. Alimketisha dada yake pale kwenye kichanja cha kahawa, akamuuliza kwa sauti, maana sikio lilikuwa limeshakufa, "Nani amekuziba sikio?" Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwao, na mikono yangu hii iliyompiga karani, iliyompiga mwanamke, nilikuwa nimeificha nyuma ya mgongo.

Mama yako akasema, "Kwinini."

Ni kweli aliumwa malaria wiki chache kabla na alimeza kwinini, uongo ulikuwa na mahali pa kushikilia. Gervasi alijua. Alipitisha kidole kwenye makali huku ananitazama, halafu akatema mate karibu na mguu wangu akaenda zake. Usiku ule nilitaka kumshukuru mama yako. Akanikatiza. "Sikukutetea wewe," akasema. "Ningesema, angekuua, yeye angefungwa, na mtoto wangu angekua hana baba wala mjomba." Hiyo ndiyo kwinini uliyoambiwa. Kwa uongo huo alikununulia baba na mjomba.

Sijampiga tena tangu siku ile. Usinipongeze. Mtu haandikiwi sifa kwa sababu ameacha kufanya uovu ambao hakupaswa kuuanza. Nami sikupona. Hasira bado huja, unaijua, umeniona nikivunja mpini wa jembe kwa goti kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Umenicheka mara nyingi pia kwamba nakitikisa kipimajoto kama mtu anayefukuza nyuki, na kwamba kila nikigombana na mtu humu ndani naondoka kimya naenda kusimama kwenye sanduku na yai juu ya jicho. Sasa ujue. Huwezi kushika yai kwenye kope huku mkono unatetemeka, litakupasukia usoni. Nasimama pale mpaka mkono utulie. Mara mbili yamenipasukia, na ute ukanitiririkia kwenye shati la misa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Huo ndio ujuzi wote nilio nao. Sina mwingine wa kukupa. Kipimajoto nimekiviringisha kwenye kitambaa, kimo ndani ya sanduku. Lakini unaenda na Skola, na Skola kwa siku hizi chache mama yako amemfundisha kupima kwa kope, nimewaona wamefumba macho pamoja kama wanasali. Siku kope lake na kipimajoto chako vikigombana, mwamini yeye kwanza, halafu ukakitikise.

Mayai ya mwezi huo yakifa, yatakuwa yamekufa mayai. Usiongeze mtu.

Sasa jambo la mwisho, na hili limenitoka leo mchana, ndiyo maana naandika leo hii.

Nilidhani nilishamwomba mama yako msamaha. Nimemwomba mara nyingi sana, Otmari. Tukiwa tumekaa kwenye kichanja tunachambua kahawa, tukirudi kutoka kanisani, wakati mwingine yeye akiwa anasuka ukili. Naegemea nasema polepole, "Nisamehe, Imelda." Kila mara nilisemea kushoto kwake. Sikupanga, au nilipanga bila kukubali. Nilitaka niwe nimesema, na nilitaka asiwe amesikia, kwa sababu nililiogopa jibu lake kuliko nilivyoliogopa panga la Gervasi.

Leo mlipoteremka nilikwenda jikoni. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Nikapita nyuma yake, nikavuta kigoda, nikakaa kulia. Nikasema, "Imelda, sikio lako ni mimi. Na vile vifaranga nilivisikia. Naomba unisamehe."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Akanigeukia.

"Ndilo hilo ulilokuwa unasema miaka yote hii?"

"Ndilo."

"Nilikuwa naona midomo inacheza. Nikajua unasali."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje, akatoa kingine. Nikamuuliza kama nikuandikie yote. Akasema, "Mwandikie. Jumapili na mimi nilikuwepo, nilikuwa dirishani. Mwandikie kila kitu, usimpunguzie. Ila usimwambie kwamba nilikusamehe, kwa sababu leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza." Nikamuuliza basi jibu lake ni nini. Akasema, "Watoto waondoke kwanza. Nitakujibu tukibaki wawili."

Kwa hiyo kesho mkipanda gari na kukata kona ile ya chini, msidhani mmemwacha baba yenu anasikitika kwa sababu mmekwenda mbali. Nitakuwa nimesimama uani upande wa kulia wa mama yako, nangoja, na sijui ataniambia nini. Inawezekana akasema hapana. Ana haki hiyo, na nitaishi nayo.

Nasikia sauti zenu kwenye njia ya mto, nadhani mmebebeshwa ndizi. Skola anacheka. Wewe umengoja siku sita tu tangu Jumapili, mimi nilingoja miaka kumi na sita. Acha kamba, acha sanduku. Skola bado anasikia kwa masikio yote mawili. Nenda ukamwambie kabla gari halijaja.

Baba yako,
Severini